Sikio la Seva

Fundi wa mtandao alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha seva cha kampuni ya maji, kompyuta mapajani, akiipa mashine mpya anwani yake. Wenzake walimwita Kebo kwa sababu hakukosa waya shingoni. Tangu mumewe afariki alikuwa akifanya kazi ya watu wawili, na uso wake haukuficha uchovu. Aliwasha huduma ya kuhamisha faili kwenda makao makuu, akaiwekea jina na nenosiri, akaifungulia mlango wake kwenye mtandao, kisha akaiuliza mashine kama iko tayari. Skrini ikajibu kwamba huduma inasikiliza.

Alipoinuka kufunga kabati, aliona sikio limeota ubavuni mwa seva. Lilikuwa la kushoto, la mtu mzima, lenye tundu la hereni lililokwisha kuziba. Akaligusa. Lilikuwa vuguvugu. Akaenda kumwambia meneja.

"Linazuia feni?" meneja aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana, bosi."

"Basi liache. Mradi faili ziende."

Wa kwanza kulitumia alikuwa mfagizi. Alikuwa akipangusa vumbi huku akilalamika kwamba bomba la kwake linakohoa hewa tupu. Kabla hajakamua kitambaa, maneno yake yalikuwa yamegeuka faili ya sauti, na huduma ilikuwa imekwisha kuisafirisha. Habari zikaenea. Dirisha la malalamiko lilikuwa limepigiliwa mbao zamani, kwa hiyo watu wakaanza kuja chumba cha seva na ndoo zao tupu, wakapanga foleni mpaka ngazini. Waliingia mmoja mmoja, wakainama, wakanong'ona, wakatoka wameshusha pumzi. Meneja akaleta benchi na pazia, akafurahi kwamba hakuna tena anayemgongea mlango. Maji hayakutoka.

Sikio nalo lilichoka. Kufikia alasiri lilikuwa jekundu na la moto, na Kebo alilikanda kwa maji ya chupa yake ya kunywa.

Siku moja mama mkwe wake alikuja, mikono mitupu.

"Mama, si ungeniambia nikuletee maji? Foleni yote hii ya nini?"

"Sikuja kwa ajili ya maji, mwanangu."

Akaketi nyuma ya pazia, akalieleza sikio habari za mwanawe, fundi bomba aliyefukiwa na udongo ndani ya mtaro wa kampuni. Kampuni ilisema aliingia kwa kiherehere chake. Mama alisema msimamizi ndiye aliyemwamuru ashuke, na kingo zimeshaanza kumomonyoka; mwanawe alimpigia simu akamwambia hivyo, huku akicheka. Aliyasema yote taratibu, kama anayechambua mchele. Upande wa pili wa pazia, Kebo alikuwa akikunja waya uliokwisha kukunjwa. Habari za simu hiyo hakuwahi kuambiwa.

Faili ilifika makao makuu salama. Kebo akasubiri jibu, halikuja, akaamua kupiga simu mwenyewe. Fundi wa huko akapokea kwa miayo.

"Zinafika zote, dada. Huduma yako haina kasoro. Ila kila alfajiri folda inajifuta. Nafasi yenyewe ndogo."

"Na nani anazisikiliza?"

"Tuliambiwa tuzipokee. Kuzisikiliza hatukuambiwa."

Kebo alikuwa amebaki na nakala ya maneno ya mama mkwe. Akaipeleka kwa meneja. Wakati mtaro ule ulipochimbwa, msimamizi alikuwa meneja huyu huyu. Meneja alivaa spika za masikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akazivua, akazipangusa kwa leso.

"Sauti iko safi," alisema. "Kazi nzuri."

Kebo akachukua nakala yake. Nyumbani kulikuwa na watoto wanaokula kwa mshahara wake, na ada ya shule ilikuwa imekaribia. Akarudi chumba cha seva.

Mama mkwe alikuwa ameshafika tena, ameketi benchini.

"Wamesemaje huko?"

"Wamepokea, mama."

"Wamepokea tu?"

"Tu."

Mama akafikiri kidogo, akajishika magoti, akainuka. "Labda ni kwa vile hawamjui," alisema. "Leo nitaanzia alipozaliwa."

Kebo akamshikia pazia apite, kisha akakaa sakafuni na kuanza kuongeza nafasi ya nakala kwenye diski ya seva.