Moyo Uliokunja Ngumi

Usiku wa jana niliota ndoto, na wa kwanza kuniamkia humo alikuwa donge la unga.

Kwanza niseme ya mchana. Daktari wa zahanati alimwambia mama yangu kwamba presha imepanda, na moyo wake umekuwa mgumu, haupumziki vizuri. Ameze kidonge kila siku. Mama akakitia kidonge mkobani, akafunga zipu.

"Moyo upumzike? Mzee Kihiyo alipumzika Jumanne, tukamzika Jumatano. Wangu haupumziki ng'o!"

Akarudi kukanda unga wa chapati zake za kuuza, huku akihema kama mpanda mlima. Mama habishiwi akiwa na unga mikononi.

Basi, ndotoni nimekaa jikoni.

"Shikamoo, dada," linasema donge la unga.

"Marahaba."

"Presha yuko wapi?"

"Amepanda."

"Amepanda wapi?"

Tunatazama juu. Presha amekaa kwenye paa, jitu nene lenye suti, anatafuna karanga za chumvi. Bati linabonyea.

"Msiniangalie hivyo," anasema. "Sina ugomvi na mtu. Nimepanda tu."

Mara jiko likawa kifua cha mama. Sikushangaa. Hata sufuria haikushangaa. Humo mna nyumba ya vyumba vinne, imefagiliwa vizuri. Chumba cha chini, kushoto, yumo Moyo: mwanamke wa makamo mwenye mkono mmoja, amekunja ngumi nene kama mchi. Paa la Presha limeulalia mlango wa kutokea, naye Moyo anausukuma kwa ngumi ili damu ipite.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Ila mkono wa kukupa sina. Umenenepa kwa kusukuma, sasa haukunjuki."

"Usipokunjuka?"

"Chumba hakijai. Sikiliza huko nje."

Uani, kwenye mapafu, damu imepanga foleni. Tone moja linapiga kelele, "Jamani, tuingie! Tunaminyana huku, na mwenye nyumba anahema!"

Donge la unga, ambalo kumbe nilikuwa nimelibeba, likakohoa kidogo. "Samahani, dada. Mimi nikikandwa tu bila kupumzishwa, nasukumika?"

"Husukumiki. Chapati inakuwa ngozi ya ngoma."

"Na nikipumzika, huwa nimekufa?"

"Hapana. Unalainika."

"Ahaa," likasema.

Zipu ya mkoba ikafunguka. Kidonge kikatoka, kidogo kama punje ya dengu, na sauti ya mjumbe wa nyumba kumi.

"Ndugu Presha, shuka."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu. Na kesho nitakuja kusema hivihivi. Na keshokutwa."

Presha akashuka, ngazi moja moja, akinung'unika, karanga kaziacha juu. Mlango ukawa mwepesi. Ngumi ikaanza kulegea: gumba, kidole cha pili, cha tatu, cha nne. Damu ikaingia kwa vigelegele.

"Kidole cha mwisho bado," Moyo akasema. "Kimezoea kujikunja. Kipe siku."

Akanishika mkono wangu uliojaa unga, kisha akaegemea ukuta kwa kiganja chake, akashusha pumzi ndefu. Nikaamka.

Nilimkuta mama jikoni, anafunika unga kwa kitambaa.

"Mama, mbona unaufunika?"

"We Mwajabu, leo umeanza kupika? Si upumz..."

Neno likamkwama. Akabaki ameweka mkono juu ya kitambaa, anautazama unga kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Aa," akasema mwishowe. "Hebu niletee maji. Na ule mkoba."

Alipoinua kichwa kumeza kidonge, kanga ikamteleza begani. Kifuani, upande wa kushoto, palikuwa na alama nyeupe ya kiganja.

"Nani kanipaka unga huku ndani?"

"Sijui, mama."

Nikasogea kuhesabu. Vidole vinne vimenyooka. Cha mwisho kimejikunja.