Utenzi wa Dunguni

Mwezi wa Mfunguo Saba, yaani wa saba baada ya Ramadhani, mwaka 1319 wa Hijra, ambao Wazungu waliuhesabu 1901, asubuhi, Esha binti Fumo aliweka kalamu chini ukumbini mwa nyumba yao ya Kipini. Wino wa ukurasa wa mwisho ulikuwa bado haujakauka.

Kazi yake ilikuwa kunakili tenzi za watu kwa ujira. Hati yake ilijulikana hadi Lamu. Katika beti za mwisho za utenzi, mtunzi hujitaja. Esha alikwisha kuandika majina ya watunzi wengi katika beti hizo, lakini lake hata mara moja. Huu wa sasa aliutunga mwenyewe. Ulihusu mafuriko ya mto Tana na wakulima wa kingo zake. Nafasi ya ubeti wa jina alikuwa ameiacha tupu.

Kaka yake Athmani, ambaye ndiye aliyesoma tenzi barazani Kipini, aliusikiliza wote. Kisha akamrudisha kwenye ubeti mmoja:

*Wakulima wakalia,*
*mikono wamwinulia*
*Mola, kuwapunguzia*
*maji yajao shambani.*

"Vina vimekaa vizuri," alisema Athmani. "Lakini mto huo umeuona wapi, nduyangu? Kisimani?"

"Nimesikia kwa watu."

"Watu gani?"

Watu wenyewe walikuwa wa Kipini, ambao mto ukifurika huona magogo na mizoga ikielea, wakawahurumia wanaoishi juu ya mto.

"Ukiusoma hapa watakusifu," Athmani aliendelea. "Nao hawaujui mto, sawa na wewe. Nenda ukawasomee wenyewe. Wakiukubali, tia jina, nami nitausoma barazani. Wakiukataa, rudi kwenye kunakili. Huko hakuna wa kukushinda."

Neno hilo la mwisho lilimchoma zaidi ya yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Angeweza kukaa ukumbini maisha yake yote, akasifiwa kwa maneno ya wengine.

Siku hiyohiyo alimwendea Mashavu, mfanyabiashara aliyepeleka papa na chumvi juu ya mto kila mpunga ulipokaribia kuiva.

"Wewe!" Mashavu alicheka. "Hata sokoni hwendi. Utakalia mizigo ya papa?"

"Nitakalia."

"Utanuka mwezi mzima. Wachumba watakukimbia."

"Walikwisha kukimbia, Mashavu. Tunaondoka lini?"

Mtumbwi ulikuwa wa Godhana, Mpokomo wa Kulesa. Walipita mfereji wa Belezoni, wakaingia Tana. Kwenye fungu la mchanga mamba walilala vinywa wazi, Esha alishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili, na Godhana akamwambia, "Mama, achia. Mtumbwi naendesha mimi." Garsen walikuta Waorma wakinywesha ng'ombe. Esha hakuandika lolote njiani. Aliangalia tu. Aliona kuwa vigogo vya miti vilikuwa na alama ya tope juu kuliko kichwa cha mtu, na kwamba pale alama ilipokuwa juu zaidi, ndipo mashamba yalipokuwa mabichi zaidi. Aliona, lakini hakuelewa.

Kulesa nyumba zilikuwa tupu. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, na watu wote walikuwa mashambani, wamesimama juu ya madungu, yale majukwaa ya miti wanayojenga kulinda nafaka, wakifukuza ndege kwa makelele na makombeo. Mama yake Godhana, Bi Tuneya, alikuwa juu ya dungu la katikati. Godhana alimweleza haja ya mgeni.

"Asome," alisema Tuneya, bila kugeuka.

"Mama, mkishuka mtanisikia vizuri," Esha alisema kutoka chini.

"Sisi hatushuki, mwanangu. Ndege hawangoji wageni. Wewe panda."

Esha alitazama ngazi. Ilikuwa mti mmoja uliokatwa vidato. Alikuwa mwanamke wa ndani. Sauti yake haikuwahi kuvuka ua wa nyumba yao. Alikunja shiraa lake la kujifunika, akaweka karatasi kifuani, akapanda. Mashavu alipiga kigelegele cha kejeli.

"Haya, soma," alisema Tuneya. "Wale wa dungu la mwisho pia wanataka. Soma kwa sauti ya kufukuza ndege."

Ubeti wa kwanza ulitoka kama mnong'ono. Wa pili ndege waliusikia, wakaruka. Dungu la jirani wakashangilia. Kufikia ule wa kumi Esha alikuwa akipaza sauti kwa nguvu zote, na madungu yote yamenyamaza. Akafika kwenye ubeti wa wakulima kulia.

Kicheko kilianzia kwa Tuneya kikaenda mpaka mwisho wa shamba.

"Mwanangu, tumekukosea nini?" aliuliza Tuneya akifuta machozi. "Unatuombea njaa!"

"Njaa vipi, mama?"

"Tope. Maji yasipopanda, tope linatoka wapi? Sisi tunalia mwaka maji yanapokataa kuja." Akamwonyesha shina la mkuyu lenye alama. "Ile ni sahani yetu."

Mashavu, chini, aliacha kucheka, akasema kwa upole, "Shuka, nduyangu. Tutarudi na mtumbwi. Hakuna Kipini atakayejua."

Esha hakushuka. Alikaa juu ya mbao za dungu, akaomba kalamu na kidau cha wino vilivyokuwa kwenye mzigo wake, akaukata ubeti ule. Kisha akaanza kuuliza: maji hupanda mpaka wapi, hukaa kwa muda gani, mbegu hutiwa lini. Tuneya alijibu huku akizungusha kombeo. Mchana wa siku ya pili Esha alisimama tena na beti mpya za kombeo, mbegu na maji, na safari hii hakuambiwa apaze sauti:

*Maji wakayangojea,*
*tope yakawaletea,*
*mpunga ukatokea,*
*wakasimama dunguni.*

Hakuna aliyecheka. Kundi la ndege lilishuka upande wa mto, na wanawake wa dungu la mwisho, badala ya makelele yao ya kawaida, walilifukuza kwa mstari wa nne. Dungu la pili likaupokea. Ukazunguka shamba zima.

"Mimi nimo," alisema Tuneya. "Kombeo langu limo. Wewe uko wapi?"

Esha alifungua karatasi ya mwisho kwenye goti lake. Dungu lilikuwa likiyumba kwa upepo, na herufi hazikusimama wima kama zilivyozoea. Aliandika, kisha akasimama akausoma:

*Mtunzi kiulizia,*
*jina nitakutajia:*
*Esha wa Fumo, sikia,*
*ni mwenyeji wa Kipini.*

Mwezi wa Mfunguo Tisa, baada ya sala ya alasiri, Athmani aliusoma utenzi huo barazani Kipini, mbele ya watu, kutoka ubeti wa kwanza mpaka jina la dada yake.