Feni Isiyotulia

Asubuhi ile Mama Sauti alikuwa ameinuka kitini mara saba kabla hajamaliza kusoma ukurasa mmoja. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake: aliwasomea vitabu wanafunzi wasioona. Alijifungia kwenye chumba kidogo kilichozungushiwa magodoro, akasoma mbele ya maikrofoni, na kompyuta yake, isiyozidi boksi la viatu kwa ukubwa, ikarekodi. Zilibaki sura mbili za kitabu cha jiografia. Gari la shule lingekuja kuchukua rekodi saa tisa alasiri, na mtihani ulikuwa wiki ijayo.

Feni ya kompyuta ndiyo haikumpa nafasi. Ilikaa kimya dakika tatu, nne, halafu ikavuma kama mashine ya kusaga, ikapungua, ikavuma tena. Kelele yote iliingia kwenye rekodi. Akawa anasoma mbio mbio ili aiwahi, anameza maneno, kisha akijisikiliza anajiona kama mtu anayekimbizwa. Anafuta. Anaanza upya.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Kompyuta aliundiwa na wifi yake, dada wa mumewe, fundi mwenye duka lake mwenyewe. Vurugu ilipoanza, Mama Sauti alimpigia simu na kumwambia, mama mkwe akiwa amekaa pale pale anasikia, "Wifi, umenifungia mabaki ya dukani kwako." Wifi akasema "Haya," akakata. Hawakusemezana tena.

Saa nne na nusu uvumilivu ulimwisha. Alifungua ubavu wa boksi, akachomoa waya wa feni kwenye bodi, ule ubao unaobeba vipande vyote vya kompyuta. Kimya. Alisoma kurasa tisa mfululizo, raha tupu, na katikati ya ukurasa wa kumi kioo kikawa cheusi. Kompyuta ilikuwa imejizima kwa joto. Alipoiwasha, zile kurasa tisa hazikuwepo.

Alitoka kwenda sebuleni, akapanga viatu vilivyokuwa vimeshapangwa. Akafungua friji, akaifunga. Mumewe, aliyekuwa anapiga pasi shati la kazini, alimtazama.

"Mpigie dada."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie feni inavuma. Mengine ataona mwenyewe."

Hakupiga. Aliandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena na kuongeza "tafadhali". Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini: "Nakuja. Rudisha waya wa feni ulipoutoa."

Wifi alifika na begi mgongoni, akasalimia kwa mkato, akapiga magoti mbele ya boksi.

"Waya umerudisha?"

"Nimerudisha. Ulijuaje?"

"Kila mtu huutoa."

Alipuliza vumbi, ambalo halikuwa jingi. Akawasha na kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguliwa kabla kompyuta haijaamka sawasawa. Feni ikaanza kuvuma. Wifi akagusa chuma cha kupozea kilicho juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta.

"Weka kidole na wewe."

Mama Sauti aligusa kwa woga. "Mbona hakiunguzi?"

"Vuguvugu tu. Sasa feni inamkimbia nani?"

Kioo kilionyesha joto la sehemu tatu. Prosesa, nyuzi arobaini na nne. Bodi, thelathini na nane. Ya tatu ilisoma tisa, ikaruka hadi mia moja na kumi na mbili, ikarudi kumi na saba. Feni ilipanda nayo na kushuka nayo.

"Hiyo ya tatu inapima nini?"

"Haipimi kitu." Wifi alimwonyesha pini mbili tupu pembeni mwa bodi. "Hapa mtu akitaka huchomeka kipima joto cha ziada. Sisi hatukuchomeka, kwa hiyo bodi inabahatisha. Na feni imeambiwa ifuate hii badala ya prosesa." Akageuka. "Mimi niliiacha kwenye prosesa. Uliingia humu?"

Mama Sauti aliangalia saa ya ukutani. Sita na robo. Angeweza kusema umeme ulikatika ukavuruga mambo, na pengine angeaminiwa.

"Niliingia," alisema. "Ilikuwa inanguruma kidogo tu, nikataka isisikike kabisa. Nikabonyeza bonyeza, nikahifadhi. Kesho yake ndiyo nikakupigia."

"Ukasema mabaki."

"Nikasema mabaki."

Wifi aliendelea kubonyeza. "Mama aliniuliza kama duka linanishinda. Kaniuliza mara mbili."

Mama Sauti alichukua simu.

"Acha, utampigia baadaye. Una sura mbili hapo."

"Baadaye nitatafuta sababu," alisema, na simu ikapokelewa. "Shikamoo mama. Ile kompyuta niliiharibu mimi. Wifi hakunifungia mabaki." Akasikiliza, akaitikia "ndiyo mama" mara nne. Alipokata, masikio yalikuwa ya moto.

"Kasemaje?" aliuliza wifi, bila kuinua macho.

"Kasema nina mdomo mrefu. Na kwamba usiondoke bila kula."

Wifi alicheka puani. Aliirudisha feni kwenye joto la prosesa, akaiwekea isubiri sekunde chache kabla ya kubadili mwendo, isishtuke kwa kila kitu kidogo. Kisha akabaki humo humo chumbani, kwa kuwa mlango ulikuwa na mlio, ameketi sakafuni na kukumbatia begi.

Mama Sauti alisoma. Mara mbili alisimama katikati ya sentensi kusikiliza kelele ambayo haikuja, na wifi akamwashiria kwa mkono: endelea. Mara moja tumbo la wifi lilinguruma waziwazi, ikabidi ukurasa urudiwe, na wote wawili wakaziba midomo kuzuia kicheko.

Dereva wa shule alipiga honi saa tisa kasoro dakika tano. Rekodi ilikuwa bado inanakiliwa. Mama Sauti alisimama mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, mpaka wifi akaichomoa flashi na kumkabidhi, naye akaenda mbio hadi getini, peku.

Gari liliondoka. Alirudi ndani, akaona sahani mbili mezani na wifi ameshaanza kula.

"Kaa sasa," wifi alisema.

Alikaa. Mguu wake ukaendelea kutikisika chini ya meza.