Kichwa cha Watu Wanne

Kabla hajalala kwenye kitanda cha mashine, Shwari alichomoa vibanio vya nywele kimoja kimoja, akavua hereni na mkanda, akaviweka vyote kwenye sinia la plastiki. Jina la Shwari alipewa na wenzake kazini, kwenye dirisha la malalamiko la idara ya maji, ambako wateja humtukana tangu asubuhi naye huwajibu kwa sauti ile ile. Tangazo la utafiti lilitaka watu wazima wenye afya, ili ionekane namna ubongo unavyojizuia. Lilisema pia kwamba mshiriki atapata muda wa kulala chali bila kufanya chochote. Hilo ndilo lililomleta. Tangu aolewe, usingizi haujawahi kumkolea.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Herufi zilipita kwenye skrini; kwa kila herufi abonyeze kitufe, isipokuwa X. Ikitokea X, kidole kitulie. Mashine iligonga kama mafundi bati waliokosana. Shwari hakukosea hata mara moja.

"Sasa pumzika, dada," mtafiti alisema kwenye spika. "Usizuie chochote."

Baada ya muda sauti ikarudi. "Nimesema upumzike."

"Nimepumzika, daktari."

"Huku naona sehemu ya mbele ya ubongo bado inachapa kazi. Unamzuia nani?"

Shwari alifikiri. "Saa hizi atakuwa shemeji. Ndiyo kwanza anaamka."

Mtafiti aliikuza picha. Nyuma ya paji la uso, mahali ambapo kwa wengine huwa pana rangi tu, palikuwa na sebule ndogo kama punje ya mahindi. Shemeji alikuwa kwenye kochi, tusi limemkwama kati ya meno. Mama mkwe alikuwa na simu sikioni, ameuma ulimi. Mume alikuwa amesimama mlangoni mbele ya jirani aliyekuja kuomba redio ipunguzwe sauti. Ngumi ya mume ilikuwa imeishia usawa wa bega, na uso wake ulikuwa unatabasamu.

Mtafiti akarekebisha mwanga. "Tangazo lilitaka mtu mzima."

"Mimi ni mzima."

"Wewe mzima, sikatai. Ila humu ndani mko wanne. Bila picha ya mapumziko siwezi kukuhesabu. Waachie kidogo tu."

"Jirani ataumia."

"Hao nao ni watu wazima," mtafiti alisema kwa upole. "Watajishika wenyewe."

Shwari alikuwa hajawahi kuliwaza hilo. Aliwaachia taratibu, mume akawa wa mwisho, akahisi shingo imekuwa nyepesi kama ametua ndoo. Akalala fofofo katikati ya kelele zote zile, akikoroma. Alipoamshwa hakujua yuko wapi, na kule kutojua kulikuwa kutamu.

"Umelala, dada," mtafiti alisema. "Kwa utaratibu wetu usingizi si mapumziko. Nitalazimika kukuondoa kwenye utafiti."

Nyumbani alikuta mlango umeng'oka bawaba na televisheni imelala kifudifudi. Mama mkwe alikuwa amewapigia wakwe wa binti yake na kuwaambia yote aliyokuwa anawawazia. Jirani alikuwa kwenye ngazi, amejibandika kitambaa chenye maji mdomoni. Mume alikuwa ameketi sakafuni, anautazama mkono wake.

"Ulikuwa wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Kwenye mashine ya ubongo. Nilipumzika."

"Ungetuaga, mwanangu. Nyumba haiachwi hivi hivi."

"Si mngejishika, mama?"

Walitazamana kama watu walioulizwa njia ya mji wasioujua. Shemeji alijipapasa mabega, kisha kiuno. "Sasa shem, mtu anajishika wapi?"

Wakakaa kikao, jirani naye akaitwa ndani. Ikakubaliwa kwamba siku nyingine Shwari akitaka kupumzika atatoa taarifa mapema, vyombo vya kuvunjika vitolewe nje na jirani aende kwa dada yake. Jirani alisema kwa dada yake ni mbali. Mume akageuka, na mkono wake ukaanza kupanda.

Jirani hakuutazama mkono. Alimtazama Shwari.

Shwari alikuwa bado na ladha ya ule usingizi nyuma ya macho. Alikaa nayo kidogo, kisha akawashika tena wote watatu. Ngumi ya mume ikafunguka, ikamfikia jirani ikiwa salamu.

"Samahani, ndugu yangu."

"Yaishe," jirani alisema. "Mtaa mzima unajua ulivyo mpole."

Jirani alipokwisha kuondoka, Shwari akachukua bisibisi. Mume alimshikilia mlango, Shwari akikaza bawaba.

"Na wewe, mke wangu, anakushika nani?"

"Najishika mwenyewe."

Mume alilitafakari jambo hilo kwa heshima. "Una bahati," alisema, akapiga mwayo, akamwachia mlango, akaenda kujilaza.