Ndege wa Peru Juu ya Kiyoyozi

Bi Lamya macho yalikuwa yanamfifia huko Unguja, na kila akizungumza kwenye simu na mdogo wake Zakiya, aliyeolewa Maskati, alimaliza kwa lile lile: "Njoo nikuone, Zaki, kabla sijafika kukupapasa." Zakiya akimweleza mumewe, naye Salem akijibu, "Insha'Allah." Neno tukufu, lakini kinywani mwa Salem lilikuwa na maana moja tu, nayo ni hapana. Mara joto la Unguja, mara magoti yanamuuma.

Magoti hayo hayo yakapanda milima ya Peru kumtafuta ndege.

Ndege mwenyewe mdogo, ana michirizi kichwani, anaishi ndani ya vichaka vya mianzi na hapendi kuonekana na mtu. Salem alipostaafu wizarani ndiye aliyemshughulisha. Msimu mzima wa baridi alikaa barazani kwake, mtaa wa Ghubra, kila alfajiri, akiusikiliza wimbo wa ndege huyo kwenye simu ili masikio yazoee: milio miwili mikavu, kisha mkoromo. Masikio ya Salem yakazoea. Ya Zakiya nayo yakazoea, wala hakuna aliyemtaka shauri. Na ya maina pia, ndege wale wa midomo ya manjano waliojaa Maskati nzima, wasiosikia kitu ila wakiige.

Salem akaenda, akarudi na kikohozi. Alipoulizwa habari za ndege alisema, "Alhamdulillahi," akalala. Zakiya akajua palepale kwamba hakumwona. Salem huyu, aliyewahi kusimulia safari ya hapo jirani Qurayyat mpaka chai ikapoa, leo amwone ndege wake kisha alale?

Asubuhi moja wimbo ule ukasikika tena. Zakiya alitoka jikoni akamkuta mumewe amesimama nje, chini ya kiyoyozi cha ukumbini, kanyoosha simu juu, na juu ya kiyoyozi maina anauimba wimbo wa Peru bila kukosea hata kidogo.

"Baba Ghadeer, chai inapoa!" akamwita kwa jina la mtoto wao, kama kawaida. Salem alishtuka kama mwizi wa kuku.

Ijumaa ndipo Zakiya alipoelewa. Fahd, mdogo wake Salem, aliyeiita safari ile wazimu tangu siku ya kwanza, alikuja baada ya sala. Zakiya aliingia na kahawa na halua akamkuta mumewe keshapamba moto: ukungu, matope, mianzi ikatikisika, ndege huyo katua hapa, michirizi yake yote waziwazi.

"Picha iko wapi?" Fahd akauliza.

"Kwa ukungu ule? Lakini sauti nnayo."

Akabonyeza. Milio miwili mikavu, mkoromo. Fahd akatikisa kichwa, kama mtu aliyeanza kuamini. Kisha, katikati ya msitu wa Peru, mwanamke akaita: "Baba Ghadeer, chai inapoa!"

Njia ya mwongo fupi, lakini hii ilikuwa imeishia mlangoni. Fahd alimtazama kaka yake, akamtazama shemeji yake, na kicheko kikaanza kumpanda. Salem uso umemshuka. Zakiya akamhurumia, tena kwa dhati, maana wametoka mbali. Na katika huruma hiyo hiyo akamwona Lamya akipapasa ukuta kuutafuta mlango.

"Ni mie, shemeji," alisema, akimimina kahawa. "Nilipiga simu ya yule kiongozi wake wa msituni. Huyu asipokumbushwa hunywa chai baridi."

"Mpaka Peru?"

"Mume wangu namjua. Na kwa furaha ya kumwona ndege wake, palepale akaniahidi: akirudi tu, tunakwenda Unguja kwa Lamya, kabla ya Ramadhani. Au nilisikia vibaya, Baba Ghadeer?"

Salem akafungua mdomo. Zakiya aliiona ile insha'Allah inakuja, imeshafika kwenye meno. Akaitazama tu ile simu.

"Hukusikia vibaya," Salem akasema.

"Wallah ahadi deni," alisema Fahd, akichota halua. "Na mie shahidi."

Nje, juu ya kiyoyozi, milio miwili mikavu, kisha mkoromo. Fahd akageuza shingo.

"Maina tu hao," alisema Zakiya, akafunga dirisha.

Jioni alimpigia dada yake simu kumwambia wanakuja. Lamya alikwishaahidiwa sana.

"Salem kasema insha'Allah?"

"La," Zakiya akajibu, na machozi yakamtoka. "Safari hii hakusema."