Siku Moja Moja

Kabla hakujapambazuka nilisikia kikombe cha bati kikigonga beseni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha wengine. Nilikuwa nimelala nyumbani kwa mwanangu Ezati, huku Lobule, Koboko, na nikadhani mkewe Annet anachota maji ya chai. Nikajitanda shuka, nikatoka kumsaidia.

Kando ya jiko walikuwa wamechuchumaa wawili, Annet na mjukuu wangu Drateru. Katikati yao, ndani ya beseni, alikuwa Afande, kobe wetu. Maji yalikuwa yakitoa mvuke. Annet alimmwagia mgongoni kwa kikombe, Drateru akimfuta shingo kwa kitambaa, na wote wawili walinong'onezana kwa Kikakwa na kucheka. Mtoto alikuwa ameegemeza kichwa begani kwa Annet. Mwaka jana hakujua hata neno moja la Kikakwa.

Drateru nilimlea mimi, kule kwangu Awindiri, tangu mama yake mzazi alipofariki yeye akiwa hajaota meno. Ezati alipooa tena huku Koboko alikuja na Annet kumchukua, akisema mtoto ni wa baba yake. Hakukosea, kwetu ndivyo ilivyo. Lakini mtoto alikataa kuondoka bila kobe, nami nikampa aende naye. Jina la Afande walimpa majirani, kwa jinsi alivyozunguka ua wangu kila asubuhi, shingo mbele, kama mkubwa wa jeshi anayekagua askari. Sasa nilikuwa nimekuja kwa jambo moja tu, kuomba Drateru aje akae nami wakati wa likizo. Nyumba yangu ilikuwa imenyamaza mno.

Nikainama kumsalimu Afande. Puani alikuwa na mapovu. Macho yalikuwa yamevimba, hayafunguki. Nilipomwinua, miguu ilining'inia kama ya nguo.

"Mnamwosha mara ngapi?" nikauliza.

"Kila siku, Mama," Annet akajibu huku akitabasamu. "Kama wewe ulisema."

Nikamwambia sikusema hivyo. Akacheka, akidhani natania, akanikumbusha siku ile ya kumchukua mtoto, mlangoni kwangu, nilipomwambia kobe aoshwe siku moja moja. Ni kweli, nilisema. Mimi ni Mlugbara, yeye ni Mkakwa, na lugha tunayokutana nayo ni Kiswahili tu. Changu nilikipata kwa marehemu mume wangu aliyekuwa askari, chake alikipata sokoni akiuza nyanya. Kwangu siku moja moja ni mara chache, mchana, jua likiwa kali, tena maji kidogo yasiyomfika kidevuni. Wakati wa mvua nilikuwa simgusi kabisa. Lakini sokoni, kuhesabu nyanya moja moja ni kuhesabu kila nyanya. Basi kwake siku moja moja ilikuwa kila siku, bila kuruka hata moja.

Kisima kiko mbali na kwao. Annet alikuwa akiamka gizani ili maji yapatikane kabla ya kwenda shambani, na kuni zake alizichoma kumpashia kobe maji. Hakuna mtu aliyewahi kulishika neno langu namna ile. Baada ya kumwogesha walimrudisha akiwa bado amelowa kwenye boksi lake chini ya kitanda, na mvua hizi, jua asilione mpaka saa sita.

Nilitamani ninyamaze. Lakini Afande alikuwa akihema kwa mdomo wazi. Nikamwambia Annet kwa sauti ya chini kwamba wamkaushe, na wasimtie tena majini, maana baridi ya alfajiri imemwingia kifuani.

Annet akaweka kikombe chini. Mlangoni alikuwa amesimama Ezati, na alikuwa amesikia yote.

"Kiswahili yako ni ya kuuza nyanya," akamwambia mkewe. "Umeosha kobe ya watu mpaka iko karibu kufa. Kesho utaosha mimi pia?"

Alirudia maneno hayo wakati wa chai. Jirani yao Yugu alipopita na baiskeli, akamwita aje asikie, wakacheka wote wawili. Annet aliwaandalia chai na muhogo, kichwa chini. Nikamwambia mwanangu kosa ni la neno, si la mtu, anyamaze. Akasema yeye anacheka tu, kwani kucheka ni vibaya?

Jua lilipotoka tulimlaza Afande juu ya gunia. Annet alikwenda shambani akaleta majani laini ya kunde, akamwekea mdomoni. Hakuuma. Saa sita haijafika, Drateru alimgusa shingo, na shingo haikurudi ndani.

Mtoto hakulia. Aliniuliza, "Dede, ni sisi tulimuua?"

Nikamwambia hapana, hamkujua.

"Mama alikuwa anaamka kwa sababu yako. Mimi nikisema niko na usingizi, anasema Dede amesema, lazima tufanye."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita mtu yeyote Mama. Mimi mwenyewe nilimfundisha kuniita Dede, yaani bibi, nikimwambia mama yake yuko kwa Mungu. Ilikuwa jambo la kushukuru, na nilimshukuru Mungu, huku nikimfunika Afande kwa pindo la gunia.

Ezati, labda kwa kunifurahisha, akamwambia ajiandae, atakwenda na Dede likizo. Drateru akatikisa kichwa.

"Nikienda, nani atakaa na Mama? Wewe utakuwa unamcheka."

Kisha akanitazama mimi, na katika macho yale niliona ananihesabu pamoja na baba yake. Akaingia jikoni, akafunga mlango. Nilimwita mara kadhaa. Nilisikia akivuta benchi, akaliegemeza mlangoni kwa ndani.

Jioni Annet alinisindikiza hadi barabarani kwenye bodaboda. Alinibebea mfuko, na ndani alikuwa amenitilia unga wa muhogo na karanga za kukaanga, zikiwa bado na joto. Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Nilipokwisha kupanda, alinirekebishia kanga isiingie kwenye gurudumu, akabaki ameishika.

"Mama, urudi," akasema. "Drateru iko na kasirani sasa. Hata kama haongei na wewe, urudi tu."