Ua Lililouzwa Kabla ya Kuonekana

Gizani, karibu na mapambazuko, komeo la mlango wa nyuma lililia kwiii, taratibu, kama linavyolia likivutwa na mtu asiyetaka kusikiwa. Machteld alijua ni mumewe, Lubbert. Akajitanda shali, akamfuata.

Lubbert alikuwa bustanini, koleo mkononi, amesimama mbele ya ua lao moja tu la tulipu.

"Unafanya nini, baba Fenne?"

"Nang'oa kitunguu chake nikipeleke kwa nguruwe wa jirani. Angalau mmoja hapa Haarlem ashibe kwa kitunguu hiki."

Kitunguu hicho cha ua walikipata kwa kutoa mtambo wao wa kufumia, wakati wa baridi, kilabuni, chenyewe kikiwa bado kimefukiwa ardhini. Ndivyo mji mzima ulivyofanya: maua yaliuzwa kwa uzito, kwa karatasi, mkono kwa mkono, na hakuna aliyeyaona. Kisha siku moja ya mwezi wa pili wanunuzi hawakutokea. Basi, bei ikaanguka, ikawa imekwisha. Sasa Lubbert alikuwa akifuma kwenye mtambo wa mtu mwingine, na wenzake wakimwita Bwana Kitunguu.

"Hata mimi nilikwambia chukua," alisema Machteld. "Kwa hiyo nusu ni yangu. Nusu yangu usiiguse."

"Nusu ipi, we mwanamke? Ya juu au ya chini?"

"Ya juu, yenye tumba. Ngoja jua tu, Lubbert. Tumetoa mtambo mzima, na hata sura ya ua lenyewe hatuijui!"

Lubbert alinuna, lakini akaketi juu ya ndoo. Binti yao Fenne, wa miaka minne, akaja pekupeku, akajipenyeza ndani ya shali ya mama yake.

Jua lilipopita mapaa, tumba likalegea. Likafunguka polepole, mpaka Machteld akasahau kupumua. Ndani palikuwa peupe kama kitani kilichoanikwa nyasini, na katika weupe ule ilipanda miali ya rangi ya damu ya mzee, myembamba kuliko uzi, wala hakuna mmoja uliofanana na mwenziwe.

Lubbert, aliyefuma mistari miaka ishirini, alipiga magoti matopeni.

"Mkono gani unaweza hivi?" alinong'ona.

Machteld aliinama karibu zaidi. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya mtambo.

Mwishowe Lubbert akamgeukia mtoto. "Haya, mwanangu, tuwape nguruwe ua hili?"

Fenne hakubandua macho.

"Liache, baba, bado naliangalia."